Mwaka Niliomuua Dada Saida

Maishani mwangu nimeua mtu mmoja tu, na Jumamosi iliyopita nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Baiyun, hapa Guangzhou. Alitoka akisukuma toroli lenye masanduku matatu, amenenepa, miwani ya jua juu ya mtandio, na kabla hajanikumbatia alinitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Tatu, mbona umezeeka, mwanangu? Nyote mliobaki Uchina mwazeeka mbio." Huyo ndiye Dada Saida, Mombasa ndiko kwao, na ni miaka kumi na minne tangu nilipotangaza kifo chake kwa mdomo wangu huu huu, mchana kweupe, nikijua wazi kwamba yu hai na amelala nyuma ya ukuta niliouegemea. Watu wakinisikia nasimulia hivyo hucheka, nami hucheka nao. Lakini kisa kile kina kipande ambacho sijawahi kumwambia mtu, na yeye ndiye niliyemficha kuliko wote. Wiki nzima kabla ndege yake haijatua nilikuwa najisemea jikoni kama kichaa: safari hii nitasema, liwalo na liwe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo wa watu watatu. Tulipanga wanawake watatu nyumba moja nyuma ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika, ghorofa ya saba, jengo lisilo na lifti, ukifika juu umesahau ulichoendea sokoni. Chumba cha kwanza tulilala mimi na Neema, msichana wa Mbeya aliyekuwa anasomea udaktari kwa ufadhili. Chumba cha pili kilikuwa cha Dada Saida na majora yake ya vitambaa kutoka soko la Zhongda. Kitanda kilikaa katikati, majora yamepanda pande zote mpaka dirishani, na ukitaka kumwamsha ilibidi uite kutoka mlangoni kwa sababu pa kupita hapakuwepo. Jiko lilikuwa kwenye roshani, linaenea mtu mmoja na nusu. Sufuria ya umeme ya wali ilipika kila kitu: wali, maharage, ugali wa unga uliokuja kwenye sanduku la mtu kutoka nyumbani, hata keki mara moja, ambayo hatukuirudia. Ijumaa Dada Saida alipika pilau, na harufu ikishuka ngazi, bibi mmoja wa Kichina wa ghorofa ya nne alikuwa anafungua mlango kutuuliza leo nani anaolewa. Tulimpelekea sahani, naye siku ya pili anairudisha na machungwa.

Dada Saida alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijiandikisha kozi ya Kichina shule ileile niliyosoma mimi, kama walivyofanya wafanyabiashara wengi, apate kibali cha kukaa mwaka mzima. Darasani alionekana Jumatatu na Jumatano. Siku nyingine yuko Zhongda anabishana na laoban, bosi wa duka, "tai gui le, tai gui le", ghali mno, ghali mno, mpaka laoban mwenyewe anaomba poo. Nilimfuata kama mkalimani wake, nalipwa chakula na kitu kidogo cha nauli, ingawa nikisema ukweli Kichina chake cha sokoni kilieleweka kuliko changu cha vitabuni. Nilimpenda sana. Alikuwa mtu anayekuita "mwanangu" na huku anakunyang'anya kijiko.

Sasa shule yetu ilikuwa na madirisha mawili. Kila mwaka wa masomo ukianza unalipa karo dirisha la kwanza, bima ya afya dirisha la pili. Mwaka ule tulikuta bima imepanda, tena haikupanda kistaarabu. Karatasi yenye bei mpya ilibandikwa kwenye kioo, na watu wakawa wanaisoma, wanafyonza, wanarudi nyuma. Foleni ya karo ilifika nje kwenye jua. Dirisha la pili mhudumu anakunywa chai yake kwa nafasi. Nilisimama foleni ile saa nzima na masikio yangu yalikula shibe. Mmoja anasema hajaugua tangu abatizwe. Mwingine anasema bima yenyewe inakutaka ulipe hospitali kwanza kwa mfuko wako, ukusanye risiti, zitafsiriwe, usubiri miezi, "sasa kama hela ya kulipa kwanza ninayo, bima ya nini tena?" Mwingine kanyoosha kidole juu, bima yake ni Mungu. Siku hizi siwacheki. Hawakuwa wajinga wale. Karo ina tarehe yake, kodi ya nyumba ina tarehe yake, ugonjwa hauna tarehe, na mtu aliyebanwa hulipa kwanza yule anayemgongea mlango.

Dada Saida alikuwa mbele yangu, fomu ya bima mkononi. Akageuka. "Tatu, we waonaje? Nilipe?" Na mimi, kwa vile nilizoea kuchekesha watu, nikamjibu kwa sauti ili foleni nzima isikie: "Dada, bima ni ya watu wasio na ndugu. Sisi tuna kikundi!" Watu wakacheka, kuna aliyepiga makofi. Dada Saida akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye pochi, tukaenda zetu kula tambi za nyama kwenye mgahawa wa Mwislamu mmoja wa Lanzhou. Mimi pia sikulipa. Jioni tulipomweleza Neema, aliweka kijiko chini, akatuita wajinga kwa adabu zote za kwao, kisha akauliza hicho kikundi kinatibu nini. "Kila kitu," nikasema. Alipofungua tena mdomo nikamwambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, maana bima yake ililipwa na ufadhili na hata dirisha hakuliona. Akainuka, akaosha vyombo ambavyo haikuwa zamu yake kuosha.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kuzikana. Watanzania na Wakenya, Waislamu na Wakristo, wanafunzi na wafanyabiashara, kila mwezi kila mtu alitoa chake. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Pemba, wakala wa mizigo mwenye ofisi katika jengo moja la maduka ya jumla pale Xiaobei. Alikuwa mweka hazina pia, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Mimi nilikuwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Katiba niliinakili kwa mkono wangu, nayo ilisema wazi: fedha hizi ni za msiba, za jeneza na vibali na kumsafirisha marehemu mpaka kwao. Na kwa hilo tulikuwa hodari, sifa zetu zilifika miji mingine. Mswahili akifa asubuhi, alasiri Mzee Kombo ameshapiga simu Baiyun upande wa mizigo, jioni nyumbani wameshajua maiti inafika lini. Kwetu kumwacha mtu azikwe ugenini kama asiye na kwao ni aibu ambayo haifutiki. Ila mgonjwa alipewa pole. Niliandika kurasa zile zote, nikazipigia mstari kwa rula, wala sikugundua kwamba mtu aliye hai hakutajwa humo hata mara moja.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua za Guangzhou zimeshika, nguo hazikauki, kuta zinatoka jasho. Siku tatu Dada Saida alikuwa anakunywa chai ya tangawizi na kusema ni gesi. Siku ya nne asubuhi hakutoka chumbani. Niliita kutoka mlangoni, akajibu kwa mguno. Neema akayapanda yale majora kwa magoti mpaka kitandani, akambonyeza tumbo upande wa kulia, na alipoachia mkono Dada Saida alipiga ukelele ambao sijausahau. "Kidole tumbo," Neema akasema. "Tunaondoka sasa hivi." Tulimteremsha ghorofa saba, mmoja mbele mmoja nyuma, na yule bibi wa ghorofa ya nne akatoka na ndala zake kutusaidia kushika mkono wa kushoto mpaka kwenye teksi.

Hospitali ilikuwa kubwa, safi, imejaa. Alitupokea daktari wa kike mwenye nywele fupi, na baada ya vipimo alizungumza na Neema kwa haraka, mimi nikidaka neno moja moja: leo, kupasua, hatari. Halafu likaja lile ambalo nililielewa lote. Lazima kwanza ilipwe yajin, yaani amana, dirishani. Dirishani mhudumu akaniuliza kadi ya bima. "Mei you," nikasema. Hakuna. Ndilo neno tulilojibiwa kila siku na wauzaji wa Zhongda, nasi tukilirudia nyumbani kwa kuigiza na kuchekana, lakini siku ile lilinitoka kama kokoto. Pesa ya Dada Saida yote ilikuwa kwenye vitambaa, na vitambaa viko kwenye kontena. Ya kwangu na ya Neema tukiunganisha haikufika hata nusu. Daktari alijitahidi, nisimsingizie. Alimwekea dripu, akampa dawa ya maumivu, akaenda mwenyewe kusema na watu wa malipo, akarudi anatikisa kichwa.

Saa nne asubuhi nikatuma ujumbe kwenye kikundi, kwenye simu: Dada Saida anaumwa sana, anatakiwa kupasuliwa leo, jamani tumsaidie. Majibu yalimiminika. Pole. Poleni. Mungu ni mwema. Mikono ya sala ilijaa kioo cha simu mpaka chini. Kisha ikaingia sauti ya Mzee Kombo, taratibu kama anasoma hati ya mzigo: "Katibu, katiba unaijua, umeiandika wewe. Tukifungua mlango huu, kesho kila mwenye kikohozi atabisha hodi. Fanyeni mchango wa hiari. Mwenyezi Mungu amshushie afya." Mchango wa hiari ukaleta watu wawili. Wengine, nina hakika, walikuwa wanajiuliza nani ameanza na ametoa ngapi. Saa sita. Saa saba. Neema akatoka chumbani, ameshaanza kuongea kama daktari, bila kunitazama usoni. "Homa imepanda. Tumbo limekuwa gumu. Kikipasuka, Tatu, hiyo hela ya kikundi mtaitumia tu."

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za dharura, mgongo kwenye ukuta wa chumba chake. Ningependa kusema nilifikiri sana, nikapima, nikapanga. Wapi. Kichwani mwangu kilikuwa kinalia kitu kimoja: bima ni ya watu wasio na ndugu, bima ni ya watu wasio na ndugu, kwa sauti yangu mwenyewe, na makofi ya foleni nyuma yake. Mimi ndiye niliyemfikisha hapa. Akifa, nimemuua ili watu wacheke. Nilikuwa nalia tayari, kwa hiyo sikuhitaji kuigiza. Nikabonyeza simu nikasema, "Ndugu zangu, Dada Saida hatunaye. Njooni hospitali." Nikataja ghorofa. Nikazima simu, nikaiweka sakafuni, nikaiogopa.

Haikutimia saa moja. Xiaobei yote ilihamia pale. Wengine walikuja kwa metro, wengine kwa teksi wamebanana, akina mama wamejitanda, akina baba wamevaa kofia, na mtu mmoja aliyekuwa Zhongda wakati ujumbe unaingia alikuja na jora la bafta nyeupe begani, pamba safi, kwa ajili ya sanda. Mzee Kombo alitangulia. Mkoba mweusi kwapani, macho mekundu. Nilikuwa sijawahi kuona macho ya mtu yule yakiwa mekundu. Akanishika bega. "Innalillahi. Pole sana, mwanangu. Mwili uko wapi?"

"Chumba cha tatu, Mzee."

"Hawajamteremsha chini?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafa."

 Kuna mama alikuwa katikati ya kilio, akabaki kinywa wazi, sauti imekatika. Halafu wote kwa pamoja! Mshenzi! Mlaanifu! Huna haya! Mtu akataka kunizaba kofi, Neema akasimama mbele yangu na koti lake jeupe la mwanafunzi, mdogo kama alivyo. Katika makelele yale ikatoka sauti chumbani, dhaifu, ya Kimombasa: "N'nani huyo walia? Amekufa nani?"

Mzee Kombo akasukuma mlango. Dada Saida alikuwa amejikunja, uso umepauka kama unga wa muhogo, ameuma ncha ya kanga. Alipomwona mzee na vichwa vyote vile nyuma yake, wallahi alijaribu kujifunika vizuri. "Mzee Kombo," akasema. "Mumekuja nyote hivi kunitazama? Mola awalipe." Mzee alitazama kitanda. Akageuka akalitazama lile jora la bafta, akamwonyesha mwenye nalo kwa kidole alitoe, alitoe upesi. Kisha akanijia mimi.

"Dirisha liko wapi?"

"La... la maiti?"

"La malipo, mpumbavu we!"

Alilipa mwenyewe, kwa zile fedha za msiba za kikundi, akisaini kila karatasi kwa ile saini yake ndefu ya mizigo. Wauguzi walikuwa wanamsukuma Dada Saida kuelekea chumba cha upasuaji wakati simu yake, niliyokuwa nimeishika mimi, ilipoita. Jina lililotokea ni "Mama". Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Yangu niliizima, lakini maneno yalikuwa yameshavuka bahari. Nilipokea, nikasikia nyuma sauti za wanawake wengi wanalia, mikeka inakokotwa, na mbele yao pumzi ya mtu mzima asiyeweza kusema.  Nikamwekea Dada Saida simu sikioni huku tunakimbia kando ya kitanda.

"Mama? Hujambo mama... Mama, ni miye... Ni miye Saida, ama wewe una Saida wangapi?... Nani kafa?... Sijafa, mama. Ni tumbo tu, wanipasua kidogo... Ndiyo, nasema nawe, maiti hawasemi na simu... Basi waambie hao wanyamaze, sikusikii."

 Kisha kikatoka kwenye simu ile kicheko, au kilio, mpaka leo sijui, cha bibi mmoja peke yake, na nyuma yake vigelegele. Vigelegele, msibani! Daktari akauliza kuna nini. Neema akamjibu kwa Kichina kwamba familia inamwombea mgonjwa. Dada Saida alinitazama kutoka pale kitandani, akaelewa kila kitu, akili yake ilikuwa kama wembe hata na homa. "Tatu," akasema, "nikitoka humu..." na milango ikafungwa.

Tulisubiri mimi, Neema na Mzee Kombo. Wengine tuliwasihi waende. Mzee alinunua mayai ya kuchemsha na karanga, akatugawia. Nilimenya yai nikashindwa kulila. Mwishowe akavua kofia, akaiweka gotini. "Maiti nne nimezisindikiza mpaka Baiyun kwa mkono wangu," akasema. "Dua za maiti nazijua zote. Hapa nilipo sijui nisome ipi." Neema, Mlutheri wa watu, akamwambia asome yoyote. Akasoma. Mimi nikaitikia amina, na Neema akaitikia amina. Kabla jua halijazama daktari mwenye nywele fupi akatoka, barakoa imeshuka kidevuni, akasema kilikuwa kimeanza kuvuja, wamesafisha, ataishi. Neno "ataishi" nililijua kwa Kichina tangu muhula wa kwanza na sijawahi kulisikia tamu vile. Nilikaa chini sakafuni. Mzee Kombo akavaa kofia yake, akaniambia, "Ukatibu umekwisha. Kesho niletee daftari." Nikamwambia ndiyo Mzee, nikacheka, nikala mayai yote, yangu na ya Neema.

Jumapili ya pili yake kikundi kilikutana ofisini kwa Mzee, tumekaa juu ya mabelo ya mizigo. Nilitukanwa nusu saa nzima, nikaomba radhi, wakanisamehe wote isipokuwa mama mmoja. Kisha wakabadilisha katiba. Mgonjwa wa kulazwa naye akaingia. Na Mzee Kombo akaongeza sharti lake: asiyeonyesha risiti ya bima, kikundi hakimziki. "Mimi sitaki tena kuitwa msibani na mtu aliye hai," akasema. Watu walinung'unika kuhusu bei, na walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini walilipa, maana Mswahili anaweza kuhatarisha afya yake lakini si maziko yake. Nami nilikwenda dirisha la pili Jumatatu asubuhi, mtu wa kwanza, na mhudumu akaweka kikombe chake chini kwa mshangao. Ile bafta Dada Saida aliidai yote. Alisema imenunuliwa kwa jina lake. Akaishona mashuka, akayalalia.

Aliondoka mwisho wa mwaka ule, akafungua duka kwao, na tangu hapo tumekuwa watu wa simu na salamu za Idi. Kila akinipigia anajitambulisha kuwa ni marehemu. Nilicheka naye miaka yote hiyo huku moyoni ninalo lile la foleni. Nikaolewa, nikafungua ofisi yangu ya ukalimani, nikawa shangazi wa wanafunzi wanaokuja, na kila mwaka bima ikipanda nawasikia wakisema yaleyale. Nilipowaambia walipe niliwaambia kwa ukali ambao hawakuuelewa umetoka wapi. Basi Jumatatu hii usiku tukakaa mezani kwangu, mimi na yeye, pilau amepika yeye kwa sababu yangu aliionja akaisukuma pembeni. Alikuwa ananyonya mfupa. Nikasema, "Dada, kuna jambo."

"Sema."

"Ile bima. Mimi ndiye niliyekwambia usilipe. Pale foleni. Nilikuwa nachekesha watu tu." Nikavua miwani yangu ya kusomea nikaifuta, mtu mzima mimi. "Miaka yote hii sijakuomba msamaha. Ungekufa, ingekuwa ni mimi."

Dada Saida akautoa mfupa mdomoni. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama malaoban wakitaja bei ya kwanza.

"Wewe? Mimi nikusikize wewe? Mtoto wa miaka ishirini na miwili, hata chai hujui kupika?" Akafuta vidole. "Tatu, mimi bima ya shule sijailipa hata mwaka wa kwanza. Nilikuwa nikilipa ya mama, Mombasa, ana sukari na presha. Na ya huko pia ilipanda. Mbili siwezi, nikachagua moja. Na ungeniambia nilipe ningekuitikia ndiyo, kisha nisilipe."

"Mbona uliniuliza sasa?"

"Nilikuuliza kwa kuwa nilijua utasema nini. Watu watazama, na mimi naona haya kuikunja ile fomu peke yangu. Ningetaka kulipa si ningemuuliza Neema?"

 Miaka kumi na minne! Nimefunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya dhambi ambayo haikuwa yangu. Kitu kiliniteremka kutoka mabegani mpaka miguuni, nikahisi nimekuwa mwepesi, na papo hapo nikapandwa na hasira, nikataka kumtupia kijiko. "Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza." Akavuta sahani karibu, kisha akasimamisha mkono, kitu kimemjia. Alipoongea tena aliongea polepole, bila mzaha wowote. "Sasa ndiyo sababu ulisema nimekufa? Kwa kuwa ulidhani ni kosa lako?"

"Ndiyo."

"Basi Alhamdulillahi sikukwambia. Ungejua huna kosa, ungekaa pale kwenye ngazi ukangoja majibu ya kikundi kama wenzio."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kabisa, mdomo wangu huu usiokosa neno. Nikamfikiria yule Tatu wa miaka ishirini na miwili, katibu, na mstari wake wa rula, na katiba aliyoiandika mwenyewe. Nikaufunga. Nikanyoosha mkono nikamwongezea Dada Saida nyama, naye akala.